Ikhwani Safaa: Nadi Iliyobaki

Mwaka 2005 Nadi Ikhwani Safaa ya Unguja ilitimiza miaka 100, na mwaka huohuo kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa ikatoa albamu yake ya kumbukumbu. Albamu hiyo ndiyo iliyofungua mfululizo wa Zanzibara, uliosimamiwa na mtafiti wa muziki Werner Graebner, na jina lake linatangaza miaka 100 ya taarab Zanzibar. Jina hilo linajitia kwenye hesabu ngumu. Diski ya kawaida haizidi dakika 80. Wimbo wa taarab asilia, ukiachiwa ukumbini upumue kama ulivyotungwa, hutembea robo saa bila mtu kuangalia saa yake. Ukibanwa kwa ajili ya studio bado utadai dakika saba au nane. Gawa utakavyo, karne nzima itapata nyimbo kama kumi, wimbo mmoja kwa muongo mmoja, na hapo bashraf, muziki usio na maneno wa kufungulia shughuli, haijapewa nafasi yake. Ugumu wenyewe hauishii kwenye dakika. Albamu ya nyimbo teule ni desturi iliyozaliwa kwa ajili ya nyota: fulani alitamba mwaka ule, akatamba tena mwaka huu, basi kusanya alivyotamba navyo uviuze pamoja. Ikhwani Safaa haikuwa nyota wa namna hiyo. Katika mageuzi makubwa ya taarab ya Unguja ndani ya karne hiyo, karibu kila mara mwingine alitangulia na nadi hii ikafuata. Hoja ya makala haya ni kwamba huko kufuata na kubaki ndiko kunakostahili kuadhimishwa, na kwamba siri yake imo katika neno dogo la Kiarabu lililotangulia jina lake: nadi, yaani klabu.

Tuanze na waliotangulia wa kwanza kabisa. Masimulizi ya Unguja yanasema Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipendezwa na muziki wa Misri, akampeleka Mohamed Ibrahim huko Cairo akajifunze kupiga kanuni, na aliporudi likaundwa kundi la kumburudisha sultani kasrini. Masimulizi haya yanaafikiana na tabia ya mtawala huyo. Ni yeye aliyejenga Beit el-Ajaib mwaka 1883, jengo la sherehe lenye nguzo za chuma na varanda zinazoitazama bahari, na mapenzi yake kwa vitu vipya vya ng’ambo yalijulikana. Taarab basi iliingia mjini kupitia mlango wa mwenye nchi. Lakini muziki wa kasri una udhaifu wa kila kitu kinacholishwa na mkono mmoja. Mpigaji ni mtumishi, msikilizaji ni bwana na wageni wake, na siku bwana akifariki au hazina ikipungua, hakuna anayeulizwa kama muziki uendelee. Miaka minane baada ya kifo cha Barghash, mwezi Agosti 1896, manowari za Waingereza ziliipiga mizinga kasri ya Unguja, na vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia. Usultani uliobaki baada ya hapo ulikuwa chini ya himaya ya Waingereza. Sanaa iliyotegemea utukufu wa kasri peke yake ilikuwa imeegemea ukuta wenye ufa.

Hapo ndipo mwaka 1905 unapopata maana yake. Vijana wa Mji Mkongwe, wengi wao wa asili ya Kiarabu na wa nyumba zilizojiweza, walianzisha chama cha kujifunza na kupiga muziki huo, na vyombo vikaagizwa Misri. Jina walilojipa, Ikhwani Safaa, ndugu wa usafi wa moyo, lilikuwa na historia ndefu katika ulimwengu wa Kiislamu: ndilo walilojiita wanazuoni wa Basra wa karne ya 10 walioandika nyaraka zipatazo 50 kuhusu elimu za dunia na za roho, mojawapo ikiwa juu ya muziki. Kilichobadilika mwaka huo kilihusu mwenye muziki kuliko muziki wenyewe, kwa maana nyimbo ziliendelea kuwa za Kiarabu na mwongozo uliendelea kuwa Cairo. Chama kina wanachama, wanachama wana ada, mikutano ya jioni, uongozi na ugomvi wao, na chombo kilichonunuliwa ni cha chama hata aliyekipiga akihama. Mwanachama ana kazi yake mchana, dukani au ofisini, na muziki haumlishi. Kwa hiyo muziki hauwezi kumfukuza kwa kukosa mshahara, na yeye hawezi kuuacha kwa kukosa bwana. Mtu anaweza kusema huu ni uridhaa tu uliopewa jina zuri. Ndiyo, ni uridhaa, na ndio uliovuka masultani wote waliofuata.

Ili kuona kwa nini chama kilihitajika, ni vizuri kukitazama chombo kimoja kwa karibu. Kanuni ni sanduku bapa lenye umbo la pembe nne zisizolingana, upande mmoja ukiwa mraba na mwingine umekatwa mshazari. Hulazwa mapajani. Nyuzi zake huzidi 70, na hazihesabiwi moja moja kwa kuwa kila sauti ina nyuzi tatu zilizokazwa sawasawa, zipigwe pamoja kama uzi mmoja. Mpigaji huvaa pete katika vidole viwili vya shahada, na ndani ya pete hizo hupachika vijiti vyembamba vya kukwanyulia. Kando ya nyuzi kuna vijiwiko vidogo vya chuma vinavyoinuliwa na kulazwa ili kupata zile robo za sauti ambazo kinanda cha Kizungu hakina. Sasa fikiria hali ya hewa ya Unguja, unyevu wa masika na chumvi ya bahari, na nyuzi zote hizo za kukazwa upya kila mara kabla ya mwimbaji hajafungua kinywa. Chombo kama hiki hakijifunzwi kwa kusikiliza redio, na mzee anayekijua akifa bila mwanafunzi, elimu yake huzikwa naye. Kinataka chumba cha kukaa, mtu wa kukitunza, mwalimu asiyelipwa na kijana mwenye subira ya miaka. Kasri iliweza kutoa hayo kwa amri. Mtaani ni chama pekee kilichoweza kuyatoa, na ndiyo maana watu wa mjini wameizoea nadi hii kwa jina la mahali inapokaa, Malindi, kama mtu anavyoitwa kwa nyumba yake.

Pingamizi la kwanza na zito kuliko yote ni la Siti binti Saad. Kama tunatafuta taarab ya Waswahili, mtu atauliza, kwa nini tuadhimishe chama cha waungwana kilichoimba Kiarabu kwa miongo kadhaa ilhali mwanamke aliyezaliwa Fumba, mtoto wa watu waliotoka utumwani, ndiye aliyeipa taarab lugha ya walio wengi? Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, na sauti yake ikauzwa pwani yote. Shaaban Robert aliona maisha yake yanastahili kitabu kizima, akaandika wasifu wake. Sina habari ya mwandishi wa hadhi ile aliyewaandikia wanachama wa nadi. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake lisijaribu kulipunguza. Siti alitangulia, na nadi ilichelewa sana: hadi katikati ya karne, Kiarabu na nyimbo za Misri viliendelea kuwa ndio heshima ya jukwaa lake. Lakini tazama kilichotokea baada ya 1950, mwaka alioaga dunia. Kundi lake lilikuwa watu wachache waliomzunguka, mahodari wasio na mfano, na lilipungua kadiri walivyopungua wao. Kiswahili alichokiingiza katika taarab kilihitaji warithi. Kilipata warithi wengi: vikundi vya wanawake vya miaka ya 1940 na 1950 vilivyojipa majina kama Nuru el Uyun, Royal Navy na Royal Air Force, vijana wa kidumbak, taarab ya mitaani, kwenye harusi za mitaa ya Ng’ambo, na mwishowe nadi yenyewe, iliyokubali kuimba kwa lugha iliyokuwa imeichelewesha. Mchelewaji hapewi sifa ya ugunduzi. Sifa yake ni ya mtu aliyepokea mzigo barabarani na kuufikisha.

Mtihani uliofuata haukuwa wa lugha. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliuondoa usultani, na pamoja nao yakaitilia shaka kila taasisi iliyonukia enzi hiyo. Kwa klabu yenye jina la Kiarabu, iliyoanzishwa na vijana wa tabaka lile, kaburi lingeweza kuchimbwa siku ileile. Wakati huo kulikuwa tayari na kundi jingine lililokua upande wa pili wa siasa: lilianza mwaka 1958 kwa jina la Shime Kuokoana, likakua likawa Culture Musical Club, Mila na Utamaduni, na likalelewa na serikali mpya. Hapa tena nadi haikuwa ya mbele. Hata hivyo kilichoangukia usultani hakikuiangukia taarab, na sababu mojawapo ni kwamba taarab ilikuwa imeshatoka kasrini miaka 59 kabla yake. Ilikuwa mali ya mitaa, ya maharusi na Sikukuu, ya wanachama waliokuwa wafanyakazi wa kawaida. Serikali haikuweza kuifukuza pamoja na sultani kwa sababu haikuondoka naye. Badala yake nadi ikaendelea kupiga katika Zanzibar ya Jamhuri, ushindani wake na Culture ukawa wa kisanii, wa nani ana fidla zilizolainika zaidi na nani ana mtunzi mwenye fumbo kali zaidi, na mji ukafaidi. Beit el-Ajaib yenyewe, kazi ya mikono ya Barghash, ilibomoka sehemu Disemba 2020 pamoja na nguzo zake za chuma. Muziki aliouagiza bado unakazwa nyuzi.

Kubaki tu, atasema mwingine, si fahari. Hata jiwe hubaki. Kama nadi ilikuwa inafuata kila lililoanzishwa na wengine, basi ni kasha la kuhifadhia, na makasha hayaadhimishwi. Jibu ni kuangalia kilichobaki kimebaki vipi. Klabu ya wanaume watupu ilikuja kuwa na waimbaji wanawake ambao leo ndio watu huwakumbuka kwanza, Rukia Ramadhani akiwa mmoja wao. Midundo ya rumba na bolero, iliyofika pwani kupitia santuri za Kuba, ilikaa karibu na mapigo ya Kiarabu ikaonekana kama ilizaliwa hapo. Akodiani ilipata kiti karibu na kanuni. Watu kama Seif Salim Saleh na Iddi Abdulla Farhan walitunga na kupiga, na pia walifanya kazi ya kueleza: kuweka historia ya muziki huu katika maneno ili aliyezaliwa jana aikute. Haya hayafanywi na jiwe. Kundi la nyota linapobadilika hubadilika lote kwa mkupuo, kwa kuwa linafuata ladha ya mtu mmoja au soko la msimu mmoja. Chama hubadilika kwa mabishano. Mzee anakataa, kijana anang’ang’ania, wimbo unajaribiwa, hadhira inatunza au hainyanyuki, na jambo linapopita linakuwa limeshapimwa. Uchelewaji wa nadi, tunaoukiri, ni bei ya upimaji huo. Jambo ikishalipokea, halipotei kirahisi.

Neno kutunza linadai kufafanuliwa kidogo, kwa sababu ndilo linaloonyesha kwa nini kipimo cha nyimbo zilizotamba hakiwezi kuchukuliwa dukani kikaletwa ukumbini. Mwimbaji amesimama na karatasi ya beti mkononi, uso umetulia kana kwamba maneno si yake. Kwa hakika si yake: shairi limeandikwa na mtunzi ambaye mara nyingi hataki atajwe, kwa vile fumbo lake lina mlengwa, na muziki umetiwa na mwanachama mwingine. Mstari fulani unafika. Mwanamke anainuka kitini, anakwenda taratibu kwa mwendo wa wimbo, mkono umeinuliwa na noti katikati ya vidole, anamfikia mwimbaji, anampa, anasimama kidogo ili aonekane na aliyekusudiwa kuona, kisha anarudi. Wimbo umepata mwenyewe wa tatu. Kesho mstari uleule utainuliwa na mtu mwingine kwa kisa kingine. Wimbo mkubwa katika taarab ni ule ambao watu wengi wamejikuta ndani yake kwa sababu zisizofanana, na hesabu ya hilo haikuandikwa na yeyote. Kwa hiyo anayechagua nyimbo kumi za karne hana orodha ya mauzo ya kumuongoza. Anachagua kwa kumbukumbu za wanachama, yaani anarudi palepale, kwa nadi.

Pingamizi jipya zaidi linatoka kwenye vipaza sauti. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, taarab ya kisasa, kwa mfano ya East African Melody na baadaye ya Jahazi, imeujaza mji na bara kwa vinanda vya umeme na mipasho ya wazi, na rusha roho, kama inavyoitwa pia, ndiyo inayochezwa harusini. Ikhwani Safaa, kwa hesabu ya vijana, ni muziki wa wazee na wa watalii. Hili nalo lina ukweli wa kutosha. Ila waliofanya mageuzi hayo hawakuota kama uyoga. Khadija Kopa, malkia wa mipasho, aliimba na Culture Musical Club kabla ya kuvuka bahari na kutamba bara. Klabu za Unguja ndizo zilizokuwa skuli, na mwanafunzi anayemshinda mwalimu kwa kelele hajamfuta. Ukisikiliza vizuri, hata kinanda cha umeme cha taarab ya kisasa kinatafuta sauti za fidla zinazojibu mwimbaji, na beti bado zina vina na mizani. Tofauti ni kwamba kundi la kisasa hujengwa juu ya jina la mwimbaji na mwenye vyombo, na mara nyingi jina likihama kundi linapasuka. Historia ya miaka 30 iliyopita imejaa mipasuko ya namna hiyo. Nani anakumbukwa leo ni swali moja. Nani atakuwa na mahali pa kufanyia mazoezi miaka 50 ijayo ni swali jingine, na la pili ndilo la taasisi.

Linabaki suala la albamu yenyewe na wanaoinunua. Tangu santuri za mwanzo, kurekodi taarab kumekuwa biashara ya wenye mitambo wa ng’ambo: Bombay katika enzi ya Siti, London mwishoni mwa miaka ya 1980 wakati GlobeStyle ilipotoa mfululizo wake wa muziki wa Zanzibar, Ikhwani Safaa ikiwa na diski yake humo, na Paris mwaka 2005. Mjini kwenyewe nyimbo ziliishi kwa redio, kwa kanda zilizonakiliwa kutoka kanda, na kwa kumbukumbu. Mtu anaweza kulalamika kwamba albamu ya miaka 100 ilitengenezwa kwa masikio ya Ulaya, ikawekewa maelezo kwa lugha za huko, na kwamba kaka wa Malindi hakuiona dukani. Lalamiko hilo linawaelekea wenyeji zaidi ya linavyowaelekea Wafaransa. Mgeni alikuja, akauliza nyimbo zipi zihifadhiwe, na kwa kuuliza akailazimisha nadi ijibu swali ambalo watu wa nyumbani hawakuwahi kuliuliza kwa sauti, kwa kuwa walidhani nyimbo zitakuwapo siku zote. Kasoro ya albamu si kwamba ilitoka Paris. Kasoro ni kwamba imebaki karibu peke yake, wakati karne ya nadi ingeweza kujaza rafu nzima kutoka kwenye kanda za redio ya Unguja na madaftari ya waimbaji, kabla mchwa na unyevu havijafanya uteuzi wao.

Na bado diski hiyo inaweza kusikilizwa kwa namna inayoitendea haki nadi. Msikilizaji aliyezoea nyota atafuata sauti ya mwimbaji kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, aseme huyu ni mzuri, yule amezeeka. Safari ya pili amwache mwimbaji asikilize kilicho nyuma yake. Ubeti unapokatika, fidla zinaingia zote kwa pamoja na kuukamata muziki uleule mmoja. Hakuna fidla ya kwanza wala ya pili, kama katika okestra za Kizungu ambamo kila kundi lina sauti yake ya kupiga. Wote wanapiga njia moja, na kila mmoja anaipamba kidogo kwa vidole vyake: huyu anateleza kuingia katika sauti, huyu anaitetemesha, huyu anachelewa nusu pumzi. Kanuni inapita katikati ikitawanya nyuzi zake tatu tatu, udi unaikumbusha njia. Halafu kiitikio kinakuja, na wanaoitikia ni wanachama, sauti za watu waliotoka kazini jioni. Hakuna jina la mtu litakalobandikwa juu ya sauti hiyo. Ni watu wengi wasiolingana kabisa na wasioachana, na ndivyo ilivyokuwa katika chumba cha Malindi kabla diski haijabuniwa.